Je, Damu Hulipwa kwa Damu?

MTU anapouawa, kabla hata ya maziko utasikia watu msibani wakisema: "Muuaji naye anyongwe!" Nani awalaumu? Mama aliyezaa kwa uchungu na kulea kwa taabu, kisha akaletewa maiti ya mwanawe, ana haki ya kudai hukumu. Lakini je, kunyonga ndiyo hukumu ya haki? Akina mama, tusiwaachie wanasheria peke yao swali hili.

Sheria tuliyorithi kutoka kwa wakoloni Waingereza, Kenya, Uganda na Tanzania, ilisema kwamba anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hana adhabu nyingine ila kifo. Jaji hakuruhusiwa kupima. Jambazi aliyeua ili aibe, na mke aliyepigwa miaka mingi hadi siku moja akaua, wakipatikana na hatia hiyo walisomewa hukumu ile ile.

Mama wa Luzira

Mwaka 2002 mahakama ya Uganda ilimhukumu Susan Kigula kunyongwa kwa kosa la kumuua mwanamume aliyeishi naye. Alikuwa mama kijana mwenye mtoto mdogo, naye alikana kosa hilo. Akiwa gerezani Luzira, alisomea sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London. Yeye na mamia ya wenzake waliohukumiwa kifo walifungua kesi kuipinga adhabu hiyo.

Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba adhabu ya kifo inaweza kubaki katika sheria, lakini jaji asilazimishwe kuitoa. Kigula alirudishwa mbele ya jaji, akapewa kifungo cha miaka, akatoka mwaka 2016. Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi kama huo mwaka 2017. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliiambia Tanzania kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kuvunja haki ya kuishi.

Maandiko yasemaje?

Wanaotetea kitanzi hutaja Mwanzo 9:6, na kweli neno hilo limo. Lakini Kaini, muuaji wa kwanza, Mungu alimwadhibu vikali, kisha akamtia alama ili asiuawe. Tena Torati ile ile iliyoamuru muuaji auawe ilikataza auawe kwa ushahidi wa mtu mmoja (Hesabu 35:30). Mungu alijua kwamba macho ya mwanadamu hukosea. Mfungwa aliyeonewa akigundulika, mlango hufunguliwa na tukamwomba radhi. Aliyekwisha kunyongwa, tutamwomba radhi kaburini?

Kwa sababu hiyo, kitanzi si haki. Kusema hivi si kumwachia muuaji. Afungwe, na akiwa wa hatari afungwe maisha, ili watoto wetu walale salama. Msamaha hauondoi adhabu, wala kumnyonga muuaji hakumrudishi marehemu. Kunaongeza tu mama mwingine anayelia, ambaye hakuua mtu.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusimwache mfiwa matanga yakiisha. Kesi ya mauaji huchukua miaka, na siku ya kwenda mahakamani anahitaji mtu wa kuketi naye.

Pili, watoto wa mfungwa wasinyoshewe vidole shuleni wala kanisani. Hawakutenda kosa. Tuwakaribishe mezani pamoja na wetu.

Tatu, jirani akipigwa na mumewe, tusiseme ni mambo ya nyumbani kwao. Tumpe mahali pa kulala, tumsindikize kwa wazee wa kanisa na polisi. Mauaji mengi ya nyumbani hutanguliwa na vilio ambavyo majirani walivisikia.

Nne, tuwafundishe wana wetu tangu wadogo kwamba hasira haimalizwi kwa ngumi. Kazi hiyo haingoji jaji. Ni yetu, nayo huanzia jikoni kwetu.