Kwenda Mashamba ya Chai Limuru kwa Matatu: Nauli ya Kurudi Usiiguse
Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, na kutoka tauni huhitaji gari lako kwenda kuiona. Panda matatu ya Limuru inayopita Waiyaki Way: Westlands, Kangemi, Kinoo, halafu mashamba. Uliza nauli kabla hujakaa, maana mvua ikinyesha huwa inapanda. Makanga akikupa namba, soma jina kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Pesa ikienda kwa mtu mwingine inaweza kurudishwa, lakini makanga hatakungoja. Tunakushauri pia ubaki na keshi ya kurudi mfukoni. Simu ikizima jioni ukiwa Limuru, hiyo ndiyo itakufikisha nyumbani.