FUNGU LA CHOMBO NI LA CHOMBO: Utunzaji wa Mashua Kuukuu Pwani ya Bamburi

Mtu apitaye ufukoni Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, maji yakiwa yamekupwa, huziona ngalawa na mashua zimelala ubavu juu ya mchanga, akadhani ni vitu vilivyotupwa. Lakini kila chombo kina mwenyewe, tena kina watu wanaokula kwacho. Mashua kuukuu iliyotunzwa vema huweza kulisha nyumba kadha kwa miaka mingi. Isiyotunzwa huweza kuwazamisha mabaharia wake kwa siku moja. Tofauti ya hizo mbili mara nyingi si umri wa mbao, bali ni kazi iliyofanywa, au iliyoachwa kufanywa, wakati chombo kilipokuwa nchi kavu.

Desturi ya wavuvi wengi wa pwani ni kugawa mapato kwa mafungu. Mabaharia hupata yao, nahodha hupata lake, na chombo nacho hupewa fungu, kana kwamba ni mtu mmoja miongoni mwa wavuvi. Fungu hilo hupokewa na mwenye chombo, ambaye pengine haendi baharini kabisa: ni mkulima wa minazi, au karani wa mjini aliyeiweka akiba yake katika mashua. Hapo ndipo penye hatari. Akilihesabu fungu lile kuwa faida tupu, akalitumia lote nyumbani, huyo hapati faida, bali anazila mbao za mashua yake kidogo kidogo. Mkulima hali mbegu zake zote. Mwenye chombo naye yampasa kuweka sehemu ya fungu lile kwa ajili ya mbao, pamba, misumari na ujira wa fundi.

ADUI WA MBAO

Mbao za chombo zina adui wengi, na walio wakubwa ni wanne. Wa kwanza ni yule ambaye mabaharia humwita mdudu, ingawa kwa kweli ni wa jamii moja na chaza. Huingia katika ubao angali mchanga kabisa, kwa tundu dogo mfano wa ncha ya sindano, kisha hukua humo ndani huku akichimba njia yake. Ubao kwa nje huonekana mzima, na ndani umekuwa kama sega la nyuki. Wa pili ni jua, ambalo hukausha mbao zikanywea, na nafasi zikafunguka baina ya ubao na ubao. Wa tatu ni maji ya mvua. Watu wengi hudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo yaozeshayo mbao, kumbe maji matamu yanayotuama ndani ya chombo huozesha upesi zaidi. Wa nne ni kutu ya misumari, ambayo hula chuma na kuudhoofisha ubao unaouzunguka.

Adui hao wote hufanya kazi polepole na kwa siri. Kwa hiyo methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta, yawafaa wenye vyombo kuliko hata wenye nyumba. Maana nyumba yenye ufa huweza kungoja, lakini maji ya bahari hayangoji.

KUPANDISHA CHOMBO

Wenyeji wa Bamburi wamejaliwa mambo mawili ambayo kwingineko hugharimu fedha nyingi. La kwanza ni mwamba wa matumbawe, ambao huvunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukoni. La pili ni kupwa na kujaa kwa maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3. Chombo huletwa juu maji yanapojaa, nayo yakipwa hubaki juu ya mchanga, pasipo haja ya gati wala winchi. Siku moja husafishwa ubavu mmoja, na siku ya pili ubavu wa pili.

Kazi kubwa zaidi hutaka chombo kivutwe juu ya magogo mpaka mahali ambapo maji hayafiki, kisha kiezekewe kibanda cha makuti. Kivuli hicho si anasa. Mashua ikiachwa juani kwa majuma mengi, mbao hukauka kupita kiasi, na kazi ya fundi huongezeka. Miezi inayofaa ni ile ya mwisho wa kusi, mvua kubwa zikiwa zimekwisha, ili chombo kiwe tayari kaskazi inapoanza kuvuma.

DEHENI NA KALAFATI

Kazi ya kwanza ni kukwangua majani na vishaza vilivyoganda chini ya chombo. Kisha huwashwa mienge ya makuti, na moto ukapitishwa upesi chini ya mbao ili kumwua mdudu aliye karibu na uso wa ubao. Kazi hii yataka mkono mwepesi, kwani moto ukikawia mahali pamoja huunguza ubao wenyewe.

Baadaye fundi hukagua kalafati. Pamba kuukuu iliyooza huondolewa, na pamba mpya husokotwa, ikapakwa mafuta ya nazi au sifa, ndiyo mafuta ya papa, kisha hushindiliwa baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Fundi mzoefu hashindilii kwa nguvu zake zote. Ubao ukirudi majini hunywa maji ukavimba, na huko kuvimba ndiko kuzibako njia ya maji. Pamba ikizidi, ubao hukosa nafasi ya kuvimba, ukasukuma mataruma na kung'oa misumari. Hivyo kazi iliyofanywa kwa bidii isiyo na maarifa huweza kukidhuru chombo kuliko uvivu.

Mwisho hupakwa deheni, nayo ni mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Deheni haidumu, haina budi kupakwa tena kila baada ya miezi michache. Walakini bei yake ni nafuu, na si sumu kali. Hilo ni jambo la maana hapa Bamburi, mbele ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986. Rangi za vyombo zenye sumu ya bati zilidhuru viumbe vya bahari katika nchi nyingi, hata zikapigwa marufuku kwa mkataba wa mataifa ulioanza kutumika mwaka 2008.

MAMBO MAPYA NA CHOMBO CHA KALE

Wenye mashua wengi hutamani kuziongezea vitu vya kisasa, wala si vibaya. Lakini chombo cha kale kina tabia yake. Mashini ya kufungwa nyuma huongeza uzito mahali ambapo fundi wa kwanza hakuukusudia, na mtikisiko wake hulegeza kalafati. Kabla ya kuifunga, yapasa sehemu ya nyuma iimarishwe kwa mbao nene kutoka ndani, na baada ya hapo kalafati ikaguliwe mara nyingi zaidi. Tena tanga lisitupwe, kwani petroli huisha, na upepo hauuzwi dukani.

Wengine hufikiri kuivika mashua kuukuu faiba, ili wasisumbuke tena na deheni. Hili lataka tahadhari. Mbao za mashua hujongea, na zikiwa na unyevu, faiba huufungia ndani. Kwa nje chombo hung'aa, na ndani mbao zinaoza pasipo mtu kuona. Faiba yafaa zaidi kwa chombo kilichoundwa kwayo tangu mwanzo.

Lipo pia badiliko linalopatikana karibu. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti katika machimbo makavu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Katika aina 26 zilizojaribiwa, ni 3 tu zilizostahimili, na mmoja wa miti hiyo ni mvinje. Mti huu hukua umenyoka tena ni mgumu, nao hufaa kwa mlingoti na foromali. Mlingoti wenye ufa ubadilishwe kabla haujavunjika, wala usifungwe kamba tu kwa matumaini.

Wala mafundi wa pwani hawaogopi mambo mapya. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa. Na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Plastiki ilikuwa mpya, lakini ujuzi wa kuiunga ulikuwa ule ule wa wazee.

KABLA YA KUNUNUA

Mtu anayetaka kuweka akiba yake katika mashua kuukuu asitazame rangi. Achukue kisu chenye ncha, adunge mbao karibu na mkuku, na mahali mataruma yanapokutana na mbao. Kisu kikizama kama katika ndizi mbivu, na aiache. Atazame ngama: maji machache ni kawaida, lakini yakirudi upesi baada ya kufuliwa, kuna ugonjwa. Aulize pia lini deheni ilipakwa mara ya mwisho, na nani aliyetia kalafati. Mwenye kujibu maswali hayo bila kusita aghalabu ndiye aliyekitunza chombo.

Akishainunua, afungue daftari. Upande mmoja aandike fungu la chombo la kila mwezi, na upande wa pili pamba, shahamu, misumari, nguo ya tanga, na majaketi ya kuokolea watu. Ukurasa wa pili ukibaki mtupu mwaka mzima, asifurahi kwamba hakutumia fedha. Deni hilo lipo, nalo bahari itakuja kulidai siku ya upepo, kwa watu ambao si wao waliolikopa.