Askari wa Bendi na Masomo ya Muziki Ng'ambo

Kila sikukuu ya taifa ifikapo wananchi hujazana uwanjani kutazama gwaride, na kabla mguu wa kwanza haujainuliwa bendi huwa imekwisha kuanza. Ni wachache mno wanaojiuliza yule mpiga klarineti wa safu ya pili alijifunzia wapi kazi yake, na akitaka kujiendeleza zaidi ya pale alipofikishwa na mwalimu wake wa kambini, atakwenda wapi na kwa fedha ya nani. Leo twataka kulizungumza jambo hilo, kwa maana tunaamini kuwa wamo katika bendi zetu vijana wenye vipaji ambao umri unawapita huku wakidhani masomo ya ng'ambo ni ya madaktari na wahandisi peke yao.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba muziki wa kijeshi ni elimu kamili, na elimu hiyo ilianzishwa kwa sababu ya aibu. Mwaka 1854 majeshi ya Uingereza yalikuwa Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, katika siku za vita vya Crimea. Likafanyika gwaride la kuadhimisha siku ya kuzaliwa Malkia Victoria. Ulipowadia wakati wa wimbo wa taifa lao, kila bendi iliupiga kwa sauti yake na kwa mpangilio wake, ikawa ni makelele matupu mbele ya wakuu wa majeshi rafiki. Siku hizo viongozi wengi wa bendi walikuwa raia wa kukodiwa kutoka Ujerumani na Italia, wasio na wajibu wa kufuata kikosi vitani. Mwana wa mfalme George, aliyekuwa na cheo cha Duke wa Cambridge, akashikilia kwamba jeshi lifundishe wanamuziki wake lenyewe, na mwaka 1857 ikafunguliwa shule katika jumba la Kneller Hall, Twickenham. Kwa zaidi ya miaka 160 jumba hilo liliwapokea pia askari wa nchi za Jumuiya ya Madola. Wazee wa bendi bado hulitaja kwa heshima, na vijana wengine hudhani maombi yangali yanapelekwa huko. Sivyo. Mwaka 2021 shule iliondoka Kneller Hall na kuhamia Portsmouth.

Nafasi za shule kama hiyo haziombwi na mtu binafsi. Huzungumzwa baina ya serikali na serikali, kupitia wizara ya ulinzi na maofisa wa ubalozi wanaoshughulikia mambo ya kijeshi. Kwa hiyo askari anayezitaka hana budi kuanzia kwa mkuu wa bendi yake, naye ampeleke kwa mkuu wa kikosi, hadi makao makuu. Hapa ndipo penye kikwazo ambacho kila askari anakijua. Barua hupanda ngazi polepole kuliko kalenda. Nafasi ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haimngojei afande aliye likizo. Shauri letu ni kwamba askari asingojee tangazo ndipo aandike. Na apeleke mapema maelezo yake kamili, pamoja na vyeti vyake, ili nafasi itokeapo jina lake liwe limekwisha kufika juu. Na maofisa wanaoletewa barua hizo, nao twawaomba wakumbuke kuwa karatasi ikilala mezani wiki sita, huenda mwaka mzima wa kijana umelala pamoja nayo.

Zipo pia njia za kiraia, lakini lazima tuseme ukweli kuwa nyingi humtaka mwombaji awe na shahada kwanza. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1959 hutazama zaidi faida ambayo nchi ya mwanafunzi itapata kwa masomo hayo. Kwa hiyo asemaye tu kwamba apenda kupiga tarumbeta hatafika mbali, bali atakayeeleza jinsi atakavyofundisha wengine arudipo ana neno la kusikilizwa. Ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza huutoa tangu 1983, ni wa shahada ya pili ya mwaka mmoja. Hudai saa 2,800 za kazi, na kwa askari saa hizo si kitu. Tena humtaka mwanafunzi arejee kwao na kukaa huko miaka miwili. Ujerumani, shirika la DAAD lina nafasi za wanamuziki waliokwisha kuhitimu. Na vyuo vingi vya muziki vya serikali huko havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 huwatoza wanafunzi wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Hata hivyo mtihani wa kuingia ni mkali, na Kijerumani chahitajika.

Sasa tufike kwenye jambo linalowaangusha wengi, nalo ni kusoma. Wanamuziki wetu wengi walilelewa katika kwaya za makanisa, nao husoma solfa kwa ufasaha wa ajabu. Wengine hupiga kwa sikio tu, na kwa hilo hakuna aibu. Wapiga beni wa Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890, waliigiza bendi za kijeshi wakatengeneza ngoma iliyoenea pwani na bara, na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaisambaza mbali zaidi. Lakini watahini wa ng'ambo humwekea mwombaji karatasi yenye mistari mitano ambayo hajapata kuiona, kisha humwambia apige. Hapo sikio zuri peke yake halitoshi. Asiyeweza kusoma nota hizo na aanze leo, robo saa kila asubuhi kabla ya mazoezi ya bendi, kwa vipande vipya ambavyo hajavizoea, wala asirudie kile kimoja mpaka akikariri.

Njia ya kujipima ni mitihani ya ABRSM ya Uingereza, ambayo ina madaraja manane. Kwa mtihani wa kawaida wa mbele ya mtahini, anayetaka daraja la sita na kuendelea hutakiwa awe amefaulu nadharia ya daraja la tano, au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake. Tangu 2020 umekuwapo pia mtihani wa kupigwa mbele ya kamera na kutumwa, hivyo askari aliye kambi ya mpakani asihesabu umbali kuwa udhuru. Vyuo vingi navyo huchuja waombaji kwanza kwa picha za video. Katika kurekodi, chumba kiwe kimya, mikono na ala vionekane, na kipande kipigwe mfululizo bila kukatwa na kuungwa. Ofisa wa bendi na aombwe ruhusa ya kuitumia ala mapema, maana ala ni mali ya serikali. Kwa sababu iyo hiyo mwombaji aulize kama ataruhusiwa kusafiri nayo, au kama chuo kitamwazima nyingine. Tumeona watu wakikumbuka jambo hili wakati tikiti imekwisha kukatwa.

Kuhusu barua ya maombi, tunasema machache. Umaskini usiwe hoja ya kwanza, kwa kuwa waombaji karibu wote ni maskini. Andika ni ala gani, kwa miaka mingapi, ni vipande gani unavyoviweza, ni nani atakayefundishwa nawe urudipo. George Kakoma, aliyetunga wimbo wa taifa wa Uganda unaopigwa tangu 1962, alisomea muziki Uingereza, kisha akarudi nyumbani kufundisha.

Aliyepata nafasi asishangilie kabla ya kusoma mkataba wa jeshi, ambao kwa kawaida humfunga kutumikia miaka kadhaa baada ya masomo. Aende Uingereza kwa zaidi ya miezi sita, atatakiwa kupimwa kifua kikuu katika hospitali iliyoidhinishwa kabla hajaomba viza. Cheti cha kipimo hicho hudumu miezi sita tu, basi asikimbilie kupimwa mwezi ule ule aliopeleka maombi, bali angojee jibu la chuo.