Juu ya Msemo wa Waigizaji: "Vunja Mguu"

Mwigizaji wa Kiingereza apandapo jukwaani, wenzake humwambia, "Vunja mguu". Maana yake ni kumtakia heri. Wako wanaosema kwamba msemo huu watokana na John Wilkes Booth, mwigizaji aliyemwua Rais Lincoln mwaka 1865, akavunjika mguu katika kutoroka. Hoja hii ni dhaifu, kwani maandishi ya wakati ule hayautaji. Mwaka 1921 Robert Lynd aliueleza kuwa ni wa watu wa mashindano ya farasi, walioamini kuwa kutaja heri waziwazi huita nuksi. Wajerumani nao hutakiana kuvunjika shingo na mguu.

Hofu hiyo si ngeni kwetu: nyoka akitajwa usiku huitwa kamba. Lakini sisi huficha jina tu, wala hatumtakii mtu shari, kwani maneno huumba. Kwa hiyo mfasiri aandikaye kwa ajili ya jukwaa la Mpanda, mkoani Katavi, akiufasiri msemo huu neno kwa neno, watazamaji watasikia apizo. Yafaa aandike "Kila la heri", au, akitaka kubakiza harufu ya uwanja wa ngoma, "Mcheza kwao hutuzwa."