Sindano ya goti haimalizi mechi

Jumatano mchezaji anachechemea mazoezini, Jumamosi anakimbia kama swala. Jukwaani utasikia, "Huyo kachomwa sindano." Inawezekana kabisa. Shida ni pale tunapodhani kapona.

Dawa hizo ni za familia ya kotisoni (usizichanganye na zile steroidi za kujaza misuli gym). Septemba 1948, pale Mayo Clinic, Rochester, Marekani, Dk Philip Hench alimchoma mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Siku chache tu, akawa anatembea vizuri. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakabeba tuzo ya Nobel.

Kipindi cha pili kikawa kigumu. Dawa ikikatwa, maumivu yanarudi. Ikiendelea kwa dozi kubwa, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika.

Maana baridi yabisi sio rafu ya beki. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vya mwenyewe. Goti la kuumia huuma zaidi ukilitumia. Hili lingine hukaza asubuhi, hata saa nzima, kisha hulegea ukianza kujongea, na mara nyingi viungo vya pande zote mbili huvimba. Kijana wa ndondo mwenye dalili hizo akichuliwa tu na kurudishwa uwanjani, kiungo kinaendelea kuliwa kimyakimya.

Hospitali, prednisoloni huzima uvimbe fasta, wakati dawa kama methotreksati, inayohitaji wiki kadhaa, ikijipanga kulinda kiungo. Halafu dozi ya prednisoloni inapunguzwa taratibu. Aliyeimeza kwa wiki nyingi asiikate ghafla kisa anajisikia freshi: mwili unakuwa umezoea kutotengeneza homoni yake ya aina hiyo, na anaweza kuanguka vibaya.

Kuna na sheria. Tangu Januari 1, 2022, WADA inazuia sindano zote za familia hii wakati wa mashindano. Vidonge vilishazuiwa kabla. Anayemeza kila siku kwa ugonjwa, daktari wake amwombee kibali cha matibabu mapema. Wengine wahesabu siku kabla ya mechi: vidonge vya prednisoloni, 3. Sindano ya triamsinoloni ndani ya goti, 10. Hiyohiyo ikichomwa kwenye msuli, 60, yaani miezi miwili ya ligi.