Je, Wajua? Mvua ya Dodoma na Chumvi ya Bahari

Sogea hapa, ndugu msomaji wa Dodoma! Wajua kwamba mvua ya mkoa wako, huko juu, sehemu nyingi zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hushuka kwa njia tatu? Ya Mto Kinyasungwe hufuata Wami na kumwagika baharini karibu na Saadani, mkabala na Unguja. Ya Mto Kizigo huingia Bwawa la Mtera, ikachanganyika na Ruaha Mkuu, ikashika Rufiji mpaka mbele ya Mafia. Na ya Mto Bubu je? Hiyo bahari haiioni kamwe, inaishia kwenye kinamasi cha Bahi!

Na Bahi pana maajabu yake. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, lakini jua lake lina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 2,000. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Kiangazi kikikolea, watu hukwangua ule udongo wa juu, huumwagia maji, huyachuja, kisha huyachemsha motoni mpaka ibaki chumvi ya kutia mchuzini. Chumvi hiyo, na pwani haipo hata kwa dawa!

Singida mjini nako, wajua? Maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya chumvi.

Haya, tuteremke pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Sasa ngoja masika: Aprili na Mei mito ikifurika, karibu na midomo yake bahari hupungua ukali. Tena maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake! Mvuvi wa Rufiji anaweza kupiga kasia kwenye maji ya mto, na bahari ipo chini yake. Kambamti wachanga hukulia humo, kwenye mikoko ya makumi ya maelfu ya hekta.

Joto la bahari je? Machi bahari ya Zanzibar hukaribia nyuzi 30, na Agosti, upepo wa kusi ukivuma, hushuka hadi 25 hivi. Nyuzi tano kwa mwaka mzima! Dodoma, Julai, alfajiri na saa nane mchana vinapishana kwa zaidi ya nyuzi 10.

Na upepo ukigeuka, mkondo nao unageuka? Hapana! Kwenye pwani ya Tanzania mkondo mkuu huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi huuharakisha, kaskazi huupunguza mwendo tu.

Shika hili pia: enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa mita 120. Mlango wa Unguja ni wa kina kifupi, basi ulikuwa nchi kavu, ungetembea kwa miguu toka bara hadi Unguja. Pemba usingeweza: mlango wake wa bahari una kina cha mamia ya mita!