Kafeini mu kopo: ilitoka wapi, inafanya nini ku kazi ya usiku

Mama moja alituuliza: "Bwana yangu anafanya posti ya usiku. Mbele ya kushuka anakunywa makopo mbili ya ile kinywaji ya nguvu, kisha moja tena saa nane ya usiku. Asubui anarudia, analala macho wazi, moyo inapiga sawa ngoma. Iko nini mu ile kopo?"

Iko sukari mingi, lakini yenye kuamsha mutu ni kafeini. Njo ile nguvu ya mu kawa, mu chai na mu makasu yenye wazee wanatafuna. Mjerumani Runge aliitoa mu kawa mwaka 1819. Leo wanaitia mu makopo, mu vidonge vya kupunguza unene, mu poda ya watu wa kuinua vyuma. Ingine inatoka mu kawa, ingine inatengenezwa mu kiwanda bila mti hata moja. Mu damu ni kitu kimoja, basi neno "asili" ku kopo lisikudanganye.

Tena tusiione sawa kitu ya wageni. Kawa robusta ni mutoto wa pori ya Kongo. Mbegu zilitoka upande wa Lomami, zikapita Bruxelles, na mwaka 1901 zikafika Java, kule ugonjwa wa majani ulisha kuharibu kawa ya arabika. Robusta ilivumilia. Iko na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Siye tulitoa mbegu, leo tunanunua kopo!

Wakati unatumika, mu ubongo kunajikusanya kitu inaitwa adenosini. Njo inaambia mwili: umechoka, lala. Kafeini inakuja kukaa ku kiti yake. Adenosini inabaki inje, inangojea. Uchovu haukutoka, umefichwa tu.

Na kafeini haiishi mbio. Kwa mutu muzima, nusu inatoka kisha saa tano hivi. Kopo ya saa nane ya usiku, saa moja ya asubui nusu yake ingali mu damu, paka wakati baba anatafuta usingizi. Kesho atashuka na deni, ataongeza kopo.

Kopo ya mililita 250 mara nyingi iko na miligramu 80. Wataalamu wa Ulaya walisema mwaka 2015: mutu muzima mwenye afya asipite 400 kwa siku, mama mwenye mimba 200. Makopo tatu ni 240, haipite. Shida yake ni saa, na labda makasu yenye hakuhesabu. Mwenye kuchanganya na lutuku, huyu tunamuogopea zaidi: anajisikia macho, kumbe mikono ni ya mulevi, na mikono ile inashika mashine.

Basi mama, kama anataka kopo, akunywe moja mwanzo wa posti, kisha mayi. Asubui funga dirisha na kitambaa nyeusi, batoto bacheze mbali. Moyo ikiendelea kupiga vile, ao kifua ikiuma, asingojee posti ya kesho: aende kwa munganga, na aseme ni makopo ngapi alikunywa.